Gari Hulala Ofisini, Sanduku kwa Dereva

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika usukani. Nilifika nimevaa shati alilolipiga pasi mke wangu, Veneranda, leseni ikiwa kwenye mfuko wa kifuani, nikijua nitakabidhiwa ufunguo wa gari la mradi na kuzunguka Ngara nzima watu wakinitazama. Afisa Usafirishaji wa mradi wetu wa maji alinipeleka nyuma ya stoo, akanionyesha sanduku la mbao lenye kitasa cha chuma, akasema, "Toa vyote." Nikatoa. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Kisha akaniambia nifumbe macho nimpe jeki. Nikapapasa, nikampa pampu ya mkono.

"Nenda nyumbani," akasema. "Uje kesho."

Alinirudisha hivyo juma zima. Nilikuwa namchukia kwa moyo wote, hasa kwa kuwa Veneranda kila nikirudi aliniuliza nimeendesha mpaka wapi.

Lile tuliliita sanduku la njia. Ninyi vijana mnaoendesha kwenye lami kutoka Rusumo mpaka Nyakanazi mkiwa na simu mfukoni huenda mkaliona mzigo, lakini ngojeni niwaeleze lilivyopangwa. Chini kabisa hukaa jeki pamoja na ubao wake, kwa sababu jeki bila ubao kwenye tope la kwetu huzama yenyewe na gari halinyanyuki. Juu yake spana zilizofungwa kwenye gunia zisigongane, mkanda wa feni wa akiba, mpira wa radieta, fyuzi, waya wa kufungia, na vipande vya tyubu kuukuu vya kuviringisha kwenye bomba linalovuja. Kuna na kipande cha sabuni ya mche, nacho si cha kunawia. Tangi la mafuta likitobolewa na jiwe, unaikanda sabuni mpaka ilainike, unaibandika penye tundu, na itashika mpaka ufike kwa fundi. Pembeni hukaa turubai, tochi, kiberiti ndani ya mfuko wa nailoni, jembe la mpini mfupi, na panga la kukatia matawi ya kutandaza barabarani nyuma ya gari lililoharibika, ili anayekuja apunguze mwendo. Dumu la maji lilikaa nje ya sanduku, na kila safari lilijazwa upya.

Juu kabisa, ya kwanza kushikwa, ilikaa kamba ya kuvutia. Ilikuwa nene na ndefu, na urefu wake Afisa hakuuchagua ovyo. Gari linalokuja kukuvuta ni lazima libaki kwenye ardhi ngumu; likikufuata topeni mtakuwa wawili mliokwama.

Siku nilipompa jeki, spana na fyuzi nikiwa nimefumba macho, alinikabidhi ufunguo wa gari na wa sanduku pamoja. "Gari hulala ofisini," akaniambia. "Sanduku linalala kwako, chini ya kitanda. Hapa ofisini kila mtu ana shida ya spana."

Kuhusu nyumbani hakusema kitu.

Kwetu kuombana vitu si aibu. Jirani atakuja kuomba chumvi, moto, jembe, ngazi, na kesho utaenda kwake kuomba ungo. Asiyeombwa kitu watu humhesabu kama mgeni. Sasa fikirieni kijiji cha namna hiyo kinaposikia kwamba chini ya kitanda changu, mimi Laurenti, kuna tochi, turubai, panga kali, na kamba isiyokatika. Mwanzoni nilijitahidi kupiga chenga. Nilisema ufunguo uko ofisini. Lakini jirani yangu mmoja, mfyatua matofali, alikuja kuomba kamba avute gogo, akaniomba vizuri, na mimi nikampa. Aliirudisha jioni ileile imeviringishwa vizuri, na nikaiweka mahali pake bila kuinyoosha.

Wiki iliyofuata nilimpeleka Mhandisi wa Maji kukagua kisima upande wa Biharamulo. Wakati ule katika msitu magari hayakupita moja moja kwa kuogopa majambazi. Tulikusanyika Nyakanazi, tukatoka kwa msafara tukiwa na askari. Ndani ya msitu nilikwepa shimo, gurudumu la nyuma likashuka kwenye udongo mweusi, na gari likalalia tumbo. Lori lililokuwa nyuma yetu likasimama. Dereva wake alikuwa mtu mwema, akashuka mwenyewe kuja kufunga kamba. Haikufika. Tuliinyoosha, tukaivuta, ikabaki pengo la kimo cha mtu. Lori halikuweza kuiacha ardhi ngumu, na askari walikuwa wanahimiza msafara usiachane. Yule dereva alinitazama kwa huruma, akapanda lori lake, wakaondoka.

Tukabaki wawili, mimi na Mhandisi, na msitu.

Alikaa muda akiitazama ncha ya kamba, akaona imekatwa kwa kisu. "Kipande kingine kiko wapi?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeshakumbuka. Siku mbili tatu nyuma nilikiona bila kukitambua, nyuma ya nyumba ya jirani. "Kimefunga mbuzi, Mhandisi."

Hakucheka. Akasema, "Basi angalau mbuzi yuko salama."

Tulikaa pale tukisikiliza kila kijiti kinachovunjika, mpaka msafara wa kesho yake ukatuokota. Hakuna aliyetugusa. Lakini nilimwona Mhandisi, mtu mzima mwenye watoto, akivua pete yake ya ndoa na kuificha ndani ya soksi, na nikaapa kwamba kitu cha sanduku hakitatoka tena nyumbani kwangu. Jirani nilipomuuliza alishangaa. "Kipande kidogo tu, bwana Laurenti. Nilijua hata hutaona." Ofisi ikaninunulia kamba nyingine ya urefu uleule.

Mhandisi alipohamishiwa Biharamulo aliniomba niende naye. Nilipanga chumba, Veneranda akabaki Ngara na shamba la migomba. Ilikuwa miaka ya upweke, lakini upweke wake ulikuwa mwepesi: hakuna aliyenijua, hivyo hakuna aliyeniomba. Nilipika ndizi zangu, nikapiga mswaki, nikalala juu ya sanduku langu. Mhandisi alinisifu mbele ya madereva wengine. "Huyu," alisema, "unaweza kwenda naye popote." Nilifurahi sana kusikia hivyo.

Kisha nikarudishwa Ngara, nikakuta ile kazi ya kukataa inaningoja mlangoni. Nikakataa tochi ya kwendea mkesha. Nikakataa turubai la kuanikia maharage. Nikakataa jeki ya kunyanyulia mlango ulioshuka, na huyo alikuwa mwalimu wa kwaya. Veneranda alikuwa ananiambia, "Baba Editha, watu watatuchoka." Nikamjibu kwamba vitu vile si vyangu. Na kweli havikuwa vyangu, lakini anayerudi mikono mitupu hiyo haimsaidii.

Kaka yangu Bonifasi nyumba yake inatazamana na yangu. Kati yetu ni kinjia na mstari wa migomba. Jumapili moja baada ya misa ng'ombe wake alitumbukia kwenye shimo la choo kipya. Alikuwa ng'ombe mkubwa, aliyetengwa kwa mahari ya mwanawe. Watu walikusanya kamba za mgomba, zikawa zinakatika moja baada ya nyingine, na mawingu yalikuwa yameshafunga. Bonifasi akaja mlangoni kwangu anahema.

"Laurenti, nipe ile kamba."

"Kaka, alfajiri naondoka. Napita msituni na mafundi na pampu."

"Nitakurudishia sasa hivi."

Tatizo halikuwa kurudisha. Kamba ikivuta mzigo mzito huku inasagika kwenye ukingo wa shimo, nyuzi zake hukatika ndani ambako jicho halioni, nayo hukuachia siku unapoitegemea. Nilijaribu kumweleza. Yeye alisikia neno moja tu, hapana, na sina cha kumlaumu. Nilitoka nikaenda shimoni, nikavuta pamoja nao kwa mikono mpaka viganja vikachunika. Mvua ikanyesha, kuta za shimo zikaporomoka, na yule ng'ombe akachinjwa mle mle ndani. Wakati wote huo kamba ilikuwa chini ya kitanda changu, kavu.

Ningependa kuwaambia kwamba katika safari ile kamba iliokoa maisha ya mafundi. Wengi mngependa nimalize hivyo. Tulikwenda, tukafunga pampu, tukarudi, na sanduku sikulifungua hata mara moja.

Tangu siku hiyo Bonifasi hakunitukana, hakunisema vibaya kwa watu. Nikipita nasema, "Shikamoo, kaka." Anajibu, "Marahaba." Basi. Miaka na miaka, marahaba na kimya. Kwake rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikiiva nilisikia wanavyocheka upande wa pili wa migomba, nami sikuitwa. Nilikaa uani nikinoa panga la sanduku ambalo lilikuwa limeshanolewa.

Veneranda alifariki mwaka wangu wa mwisho kazini. Majirani walikuja wote, na Bonifasi akiwa mbele yao. Kwenye msiba kwetu hakuna kununa. Walileta kuni, ndizi, masufuria, mabenchi. Mvua ilipoanza kutishia, nikawaona vijana wawili wanapanda baiskeli. Nilipouliza wanakwenda wapi, nikaambiwa wanakwenda kijiji cha pili kuazima turubai. Turubai langu lilikuwa ndani, hatua chache kutoka walipokuwa wamesimama. Hakuna aliyekuwa ananikomoa. Hawakuniomba kwa sababu walilijua jibu, na walitaka kunipunguzia kazi ya kukataa siku ile. Niliingia chumbani, nikakaa kitandani, nikalia kwa sababu mbili.

Nilipostaafu, Mkuu wa mradi aliniambia magari mapya yanakuja na vifaa vyake ndani ya kijisanduku cha plastiki, kwa hiyo lile la mbao nilichukue liwe zawadi. Ndipo vile vitu vikawa vyangu. Nililiweka sebuleni karibu na mlango, wazi, mtu akipita alione. Jumuiya yetu ya kanisa iliposali kwangu nikatangaza kwamba mwenye shida ya kamba, turubai au jeki asione haya, aje. Wakacheka kwa adabu, wakidhani natania. Nilingoja msimu mzima. Hakuja mtu.

Msinielewe vibaya. Dereva kijana akiniuliza leo, nitamwambia yaleyale niliyofundishwa: panga sanduku lako mpaka mkono ulijue bila macho, na usiazimishe. Kati ya Nyakanazi na Biharamulo bado kuna mahali simu haishiki, na gari jipya nalo hukwama. Nitamwambia pia ambalo Afisa Usafirishaji hakuniambia, kwamba nyumbani atabaki peke yake nalo.

Mwezi uliopita ndama wa Bonifasi alikata kamba yake ya mgomba akaingia kwenye maharage yangu. Zamani ningemswaga tu arudi. Safari hii niliingia ndani, nikatoa kamba ya kuvutia, nikainyoosha uani, nikachukua panga. Kisha nikakata kipande kirefu cha kutosha, nikamfunga yule ndama shingoni, nikavuka naye kinjia.

Bonifasi alikuwa kwenye benchi lake. Amezeeka, magoti yamevimba.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Akaitazama kamba, kisha ile ncha iliyokatwa. "Hiyo si ile?"

"Ni ile."

"Umeikata."

"Nimeikata."

"Sasa siku ukikwama huko njiani?"

"Nitakwama wapi, kaka? Sina gari."

Alinyanyuka taratibu, akaichukua kamba mkononi mwangu, akaifunga kwenye nguzo ya zizi na kuivuta mara mbili kuijaribu. "Nitakurudishia," akasema.

Nikamwambia hakuna haraka. Hakunikaribisha kukaa, na sikungoja anikaribishe.

Kila asubuhi sasa natoka uani, nachungulia katikati ya migomba. Ndama bado amefungwa kwa kamba yangu. Kaka hajairudisha. Naitazama kidogo, kisha narudi ndani kuchemsha chai.