Kitabu cha Neema na Dumu la Asali

Mnisamehe kwanza, wenzangu wa Digodigo, kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka, na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba na naandika polepole. Ila mmeniuliza sana nilikwenda Karatu kufanya nini, na kwa mdomo naona haya kueleza.

Nilikwenda kurudisha kitabu. Neema, mdogo wake mwalimu wetu, aliniazima alipokuja kumtembelea dada yake. Ni riwaya ya mapenzi ya Waingereza wa zamani, enzi za magari ya farasi. Bwana mmoja tajiri hajui kucheza dansi, basi anajifunza kwa siri jikoni na mpishi wake mnene, ili aweze kumwomba binti fulani wacheze. Hakuna neno chafu ndani yake. Wakipendana sana wanashikana mikono, tena wamevaa glavu.

Neema aliniambia, "Ukimaliza, kilete mwenyewe nyumbani." Hilo "mwenyewe" lilininyima usingizi.

Alfajiri nilipanda basi na dumu la asali yetu. Kufika Engaresero, vumbi lilikuwa limetupaka abiria wote rangi moja. Nikasoma tena mwisho wa kitabu: bwana yule anapanda farasi peke yake, anamfuata binti kwao, anasema yaliyo moyoni. Nikaapa kufanya vivyo hivyo.

Mto wa Mbu nilibadilisha gari, tukapanda mlima hadi Karatu. Msitu wa Ngorongoro ulikuwa umejifunika mawingu. Bwana wa kitabu alifika kwa farasi. Mimi nilifika Ganako, kwao Neema, kwa bodaboda, nimekumbatia dumu.

Jioni niliwakuta wanapukuchua mahindi uani. Baba yake Neema, Mzee Mkumbo, alitoka Singida zamani kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa, akabaki. Nilimwamkia, nikapewa kigoda.

"Asali hii ya nini?" aliuliza.

"Ya... ya chai, mzee."

Neema aliinamia mahindi, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Mama Neema akaniomba niwasomee huku wao wakiendelea na kazi. Nilisoma kwa kidole chini ya mstari. Kwa mpishi walicheka sana. Nilipofika pale bwana anaposimama mbele ya baba wa binti, Mzee Mkumbo akatupa gunzi.

"Ngoja hapo. Kaja na nani?"

"Peke yake, mzee."

"Hana mjomba? Hana mshenga? Jumba kubwa lote lile, na hana hata mtu wa kumsemea?"

"Mhuni huyo," alisema Mama Neema. "Ndugu zake wamemkataa."

Nikatazama pembeni yangu. Palikuwa na dumu tu.

"Na wewe, kijana," mzee akaniuliza, "umekuja na nani?"

"Na kitabu."

Walicheka mpaka kuku wakaruka. Nilijua nimeharibu kila kitu. Lakini mzee alifuta machozi, akasema, "Sasa kitabu nitakaa nacho nizungumze? Rudi kwenu. Kama kuna neno, waje watu walilete. Mimi nipo."

Neema akakichukua kitabu, akakifuta vumbi, akanirudishia. "Mpe mjomba wako akisome. Asije huku hajui habari za mpishi."

Asubuhi Mama Neema alinipa dumu langu. Kwao chombo hakirudi kitupu. Alikuwa amelijaza ngwara, maharage ya kwao, hadi shingoni. Nililipakata njia nzima kama mtoto.

Nyumbani mjomba alishika kichwa. "Ulijipeleka mwenyewe? Hata ndama ana mchungaji!" Lakini leo nimemkuta anapiga pasi koti lake, na kitabu kiko kwenye mfuko wake, amefika kwenye dansi.

Nimejifunza kwamba ujasiri wa yule bwana ni wa kwao. Kwetu mwenye haya kama mimi halazimiki kusema. Anahitaji watu tu. Kwa hiyo, anayetaka kufuatana nasi Ganako baada ya mavuno aniandikie, hata kwa mwandiko mbaya kuliko huu. Safari hii nikiulizwa nimekuja na nani, nataka uwanja uwe umejaa.