Msamaha wa Vyuma vya Daraja la Kapingazi

Kazi ya Cicily Ntinyari ilikuwa kusoma vyuma. Lori likifika, nondo zikishushwa, alichukua brashi ya waya akasugua kutu, akainama na kutafuta yale maandishi madogo ambayo kila kiwanda hupiga ubavuni mwa nondo zake. Akiyaona, alitia sahihi. Asipoyaona, lori lilirudi lilikotoka. Madereva walimjua. Mmoja aliwahi kurudishwa hadi Thika na mzigo mzima, na tangu siku hiyo alimwita Mwalimu.

Alizaliwa Meru, karibu na soko la Gakoromone, ambako mama yake aliuza kabichi na viazi. Alipomaliza shule alisomea kazi ya stoo, akaandikwa Embu, akapanga nyumba katika mtaa wa Dallas mjini humo, na miaka sita ikapita akihama kutoka mradi mmoja wa serikali hadi mwingine. Mradi wa saba ulikuwa daraja la mto Kapingazi, kupita Manyatta. Mkataba wake ulisema wazi kwamba vyuma vyote vitoke katika viwanda vya nchini. Cicily aliipenda kanuni hiyo kuliko nyingine zote, kwa sababu kaka yake Salesio alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha nondo upande wa Athi River. Mara nyingi maandishi aliyoyasugua yalikuwa ya kiwanda hicho, naye alijisikia kama aliyepokea salamu.

Mwezi wa Machi lilifika lori refu kuliko yote aliyowahi kuona. Lilibeba mihimili minne ya chuma ya kulaza juu ya nguzo, na nyuma yake mafungu ya nondo. Cicily alisugua. Maandishi yalikuwepo, lakini kwa herufi asizozijua. Akafunga kitabu chake, akamwambia dereva asishushe.

Injinia Nyaga, aliyesimamia mradi, alitoka ofisini na karatasi mkononi. Ilikuwa barua kutoka Nairobi. Ilisema mradi umepewa msamaha wa ile kanuni ya vyuma vya nchini.

Cicily aliisoma mara mbili. Neno lenyewe lilimtatiza. Kanisani alijua msamaha hutolewa baada ya kosa, na hapa hakuona nani amekosa. Injinia alimweleza taratibu kwamba mihimili minene namna ile haikupatikana katika kiwanda chochote cha nchini, kwa hiyo ilibidi iagizwe nje. Hilo Cicily alilielewa. Aliuliza kuhusu nondo. Nondo ziliuzwa hata katika maduka ya vifaa pale Manyatta.

"Zilikuja na meli moja," Nyaga alisema. "Barua inasema vyuma. Haijasema vyuma gani."

"Inasema vyuma visivyopatikana nchini, Injinia."

Nyaga aliichukua barua, akaisoma tena, akakuna shingo. Alikuwa mtu mpole, asiyependa kugombana. Alimwambia apige simu Nairobi.

Asubuhi ile aliyepokea simu alisema msamaha ni wa mihimili peke yake. Mchana mtu mwingine alisema ni wa vyuma vyote, maadamu vilikuja na meli ileile. Siku iliyofuata wa tatu alimwambia hayo ni mambo ya kiufundi, amwulize injinia. Injinia naye alisema hayo ni mambo ya sheria, awaulize Nairobi.

Jioni hiyo Cicily alimpigia Salesio. Alitarajia kaka yake akasirike, amwambie asikubali hata kipande kimoja. Ni kweli Salesio alimpa habari mbaya: wafanyakazi wengi walikuwa wameambiwa wakae nyumbani wangoje kuitwa, yeye akiwa mmoja wao. Lakini hakukasirika. Alionekana kuchoka tu.

"Kwani wewe ulifikiri chuma yetu inatoka wapi, Ntinyari?"

"Si mnatengeneza hapo?"

"Vile vipande vikubwa vinakuja na meli. Sisi tunavipasha moto, tunavivuta viwe nondo, halafu tunapiga jina."

Miaka sita Cicily alikuwa amesoma jina lile.

"Kwa hivyo si chuma ya Kenya?" akauliza.

"Unga ikitoka ng'ambo na chapati ipikwe hapa Kenya, hiyo ni chapati ya wapi?"

Cicily akasema hajui. Salesio akasema hata yeye hajui, lakini jasho lililomtoka mbele ya tanuri lilikuwa lake, na hilo hakuna meli iliyolileta.

Kesho yake Cicily alipokea mihimili, akatia sahihi. Nondo aliamuru zipangwe kando, zifunikwe turubai. Fomu yake ilikuwa na nafasi mbili tu, ya vilivyokubaliwa na ya vilivyokataliwa. Aliandika pembeni, nje ya mistari: zinangoja maelezo. Kisha akaandikia Nairobi barua. Wiki zikaanza kupita, kazi ya daraja ikiwa imesimama.

Mvua za Aprili zilikuja na nguvu. Kivuko cha magogo ambacho watu walikitumia wakingoja daraja kilisombwa na maji asubuhi moja. Wenye mashamba ng'ambo ya mto sasa walizunguka mbali hadi daraja la juu, na majani ya chai yalifika kwenye kituo cha kununulia yameshanyauka na kupata joto. Mengi yalikataliwa.

Mama mmoja aitwaye Lenah, mwenye shamba dogo la chai huko ng'ambo, alikuja hadi uani kwa mradi na kikapu kitupu mgongoni. Alikuwa ametoka kumwaga majani yake. Alimkuta Cicily kando ya turubai.

"Nimeambiwa ni wewe umekataza daraja," alisema, bila ukali.

Cicily alimpa kiti, naye hakukaa. Akaanza kumweleza habari ya kanuni, na barua, na simu tatu. Lenah alisikiliza hadi mwisho.

"Hizi chuma ni mbaya?"

"Si mbaya, mama. Zilipimwa."

"Ni za wizi?"

"Hapana."

"Daraja itaanguka?"

"Haiwezi kuanguka."

"Basi kuna nini?"

Cicily alisema pole. Lenah aliitikia, akajifunga kikapu chake vizuri, akashika njia ndefu ya kurudi. Siku nzima Cicily hakula. Aliwaza kwamba pengine alikuwa analinda kazi ambayo kaka yake alishaipoteza, kwa chuma ambacho hakikuwa cha nchi, dhidi ya mwanamke aliyetaka kuvuka mto tu. Kisha aliwaza kwamba kanuni ikiachwa na kila anayeombwa, haitakuwa kanuni. Mawazo yote mawili yalionekana kweli.

Wiki ya saba barua ya pili ilikuja. Ilitaja nondo kwa jina. Lakini tarehe yake ilikuwa ya Februari, kabla lori halijafika. Nyaga alimwomba atie sahihi ya kupokea, na aweke tarehe ya siku ile ya Machi, ili karatasi zipatane.

"Nitaweka ya leo," Cicily alisema.

"Tutaulizwa tulikuwa tunangoja nini wiki saba."

"Waambie nilikuwa sijaelewa. Hata sasa sijaelewa."

Nyaga akamsogezea kalamu. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba hata yeye hajaelewa. Cicily akaweka tarehe ya siku hiyo, na alasiri hiyohiyo mafundi wakaanza kukata nondo. Hakuna aliyewahi kuwauliza lolote kuhusu zile wiki saba, jambo ambalo nalo lilimshangaza.

Daraja lilifunguliwa Novemba. Lenah alivuka siku ya kwanza, akampungia Cicily mkono kama mtu wanayefahamiana kidogo. Kiwandani waliitwa nusu ya wafanyakazi, Salesio hakuwemo. Alirudi Meru, akaanza kuchomelea mageti na madirisha katika kibanda karibu na Gakoromone.

Krismasi Cicily alikwenda nyumbani. Alimkuta kaka yake amevaa miwani myeusi, cheche zikiruka. Alizima mashine, akamkaribisha kiti, wakanywa chai. Walizungumza juu ya magoti ya mama, na bei ya kabichi, na mtoto wa Salesio anayeingia kidato cha kwanza. Habari za nondo hawakuzigusa. Hawakuwa na kinyongo. Kila mmoja alikuwa hajui aanzie wapi.