Hatua Elfu Kumi na Moja za Babu Kola

Saa moja asubuhi, Babu Kola yuko kwenye shati la nne. Analilaza juu ya meza iliyofunikwa blanketi kuukuu, analinyunyizia maji kwa vidole, kisha anaanza na kola, kama anavyoanza kila siku kwa miaka thelathini na moja. Pasi inakwenda, pasi inarudi. Mvuke unampanda usoni. Miguu yake haijasogea tangu nilipoingia.

Kwenye mkono wa kushoto, ule unaovuta kitambaa, kuna saa janja nyeusi yenye kioo cha mraba. Ndani ya mkanda wake kumeshonewa kipande cha blanketi lile lile la mezani. Anaisogeza mbali na macho ili aone vizuri, kisha ananionyesha: hatua mia tatu na sita.

"Hizo ni za kweli," anasema. "Nimetoka nyumbani kwa miguu. Ungekuja miezi miwili iliyopita, saa hizi ningekuwa nimeshafika elfu mbili, na sijatoka hapa mezani."

Anacheka peke yake, anageuza shati.

Babu Kola ni dobi, ana miaka sitini na minne. Jina hilo amepewa na wateja, kwa sababu kola iliyopita mikononi mwake husimama hata kama mwenye shati amechoka. Kibanda chake ni chumba kimoja kinachotazama barabara: meza, pasi mbili za umeme, moja ya mkaa kwa siku umeme unapokatika, na kamba tatu za kutundikia nguo. Siku nzuri hunyoosha mashati arobaini, mbali na suruali na sare za shule. Yote hayo akiwa wima.

Zamani hakuwa peke yake. Mkewe alifua, yeye alinyoosha, na jioni walizipeleka nguo nyumba kwa nyumba, kila mmoja na furushi lake. Mke alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo wateja wakawa wanakuja kuchukua nguo wenyewe.

"Nilijaribu wiki moja," anasema, na safari hii anaisimamisha pasi kwanza. "Kila mlango waliniuliza, mama yuko wapi? Nikaona bora waje wao."

Mwaka jana miguu ikaanza kuvimba. Daktari alimpima presha, akaikuta juu, akampa vidonge na onyo: kusimama mahali pamoja kutwa nzima si mazoezi, lazima atembee kila siku. Bintiye wa pekee, mwalimu anayeishi mji mwingine mwendo wa saa tano kwa basi, alitaka baba aache kazi kabisa akaishi kwake.

"Aliniambia chumba kipo," anasimulia Babu Kola. "Nikamuuliza, mwanangu, huko kwako nitafanya nini? Ninyooshe mapazia?"

Wakavutana, mwishowe wakapatana. Binti angemnunulia saa ya kuhesabu hatua. Saa huongea na simu ya mzee, na simu ya mzee huongea na simu ya binti. Zikifika hatua elfu nane kwa siku, baba anabaki na meza yake. Zisipofika, shule zikifungwa binti anakuja kumchukua, na hapo hakuna cha mapazia wala nini.

Saa ikafika ndani ya boksi jeupe. Babu Kola akaivaa mkono wa kushoto kama watu wote, lakini pale ana kovu la pasi la tangu ujana wake, na mkanda ukawa unalikwaruza. Akaihamishia kulia. Kulia ndiko kwenye mkono wa pasi.

Jioni ya kwanza saa ilisoma elfu kumi na moja na ushei.

"Nikadhani labda ndivyo tunavyotembea bila kujua," anasema, na uso wake hauna hata chembe ya aibu.

Aliyegundua ni fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, mtu ambaye hapitwi na jambo. Saa haioni miguu. Inahisi mkono unavyokwenda na kurudi, inadhani mwenye mkono anatembea. Na hakuna mkono unaokwenda na kurudi kama mkono wa dobi. Tangu siku hiyo, kila fundi akifungua kibanda chake alipaza sauti: "Mzee mwenzangu, leo umefika mji gani?"

Binti hakuyajua hayo. Alipiga simu akiwa na furaha tele. Mjukuu wa miaka saba, ambaye shuleni hushindana mbio na kila kiumbe, alinyakua simu akapiga kelele: "Babu, umenishinda!"

"Sasa wewe ungesemaje?" Babu Kola ananiuliza. "Siku ya kwanza sikudanganya, nilinyamaza tu. Siku ya tatu akaniuliza, baba unatembelea wapi? Nikamwambia nazunguka uwanja wa mpira. Hapo ndipo nilipodanganya, na ulimi ulikuwa mtamu."

Haki ya saa nayo isemwe. Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku humtetemesha mkono akumbuke vidonge, na tangu aivae hajasahau hata mara moja, yeye aliyekuwa akivikuta mfukoni mwa suruali ya juzi. Hupenda pia kuangalia mapigo ya moyo wake. Amegundua kwamba simu ya mjukuu ikiita, namba hupanda kidogo. "Hilo haikosei," anasema.

Mengine inakosea. Ina mahali pameandikwa presha, na namba za pale zilimpendeza mno, mpaka alipozipeleka kliniki. Muuguzi akamfunga mkono kwa kipimo chake, akatazama kimoja, akatazama kingine, akasema: "Mzee, hii saa ni ya adabu sana, inakwambia unachotaka kusikia. Presha njoo nikupime mimi." Halafu kuna suala la kuamrisha. Babu Kola husimama kutwa, saa kimya. Jioni akikaa kusikiliza taarifa ya habari, saa inamtikisa: inuka, umekaa mno. Siku moja aliitukana.

Miezi miwili iliyopita binti aliamua kumshtukiza baba yake. Alipanda basi la kwanza bila kumwambia. Aliposhuka stendi, kabla ya adhuhuri kidogo, simu yake ilionyesha kwamba baba ameshatembea hatua elfu sita. Hakwenda kibandani. Alikwenda uwanja wa mpira, akiwa na mfuko wa matunda mkononi, amkute mzee wake akizunguka.

"Uwanja ulikuwa mtupu," binti aliniambia kwa simu. "Nikamuuliza mlinzi, baba yangu yuko wapi, mzee mrefu, hutembea hapa kila siku? Akasema ana miaka sita pale na hajawahi kumwona mzee wa namna hiyo. Nikapiga simu ya baba, haipokelewi. Natazama hatua, zinaongezeka. Nikajiambia, huyu kachanganyikiwa, anazurura barabarani hajui aendako. Au saa imeibwa, na yeye kalala mahali. Nilikimbia. Matunda niliyaacha sijui wapi."

Simu ya mzee ilikuwa chumba cha nyuma, kwenye chaji, chini ya rundo la sare. Binti alifika mlangoni akihema, akamkuta baba yake amesimama palepale anaposimama siku zote, ananyoosha sketi ya marinda. Marinda yana kazi: kila rinda pasi yake. Binti akatazama simu. Akatazama mkono. Akaelewa.

Fundi viatu anasema hajawahi kusikia kicheko kama kile, na hajawahi kuona kicheko kinachogeuka kilio haraka namna ile.

"Nilimwambia, baba, siku zote hizo nilikuwa nalala vizuri kwa sababu ya pasi?" binti anakumbuka. "Mama alipougua hatukujua mpaka tukachelewa. Ile saa sikuinunua kwa ajili ya hatua. Niliinunua nijue kama yuko salama."

Babu Kola, akifika hapa kwenye hadithi, hutazama meza. Sketi ile iliungua siku ile, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, kwa sababu aliisahau pasi akamshika mwanawe.

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi," ananiambia. "Yangu ilikuwa hatua elfu kumi na moja kila siku, na haikufika popote."

Hawakugombana. Binti alichukua mkasi, akakata kipande laini pembeni ya blanketi la meza, akakishonea ndani ya mkanda ili kovu lisikwaruzwe, akamvisha baba saa mkono wa kushoto. Kushoto nako hudanganya kidogo nguo inapovutwa, lakini si kwa maelfu. Jioni ya kwanza ilisoma hatua mia tisa themanini.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema Babu Kola.

Basi binti akampunguzia masharti na kumwongezea moja. Si lazima elfu nane. Lakini kila jioni baba apige simu aitaje namba kwa mdomo wake mwenyewe, hata kama iko kwenye simu tayari.

Saa kumi jioni Babu Kola anachomoa pasi, anafunga mashati kumi na mawili ndani ya shuka safi, anabeba furushi begani. Ameanza tena kuwapelekea wateja. Natembea naye. Nyumba ya tatu, mwanamke mmoja anafungua mlango, anapokea nguo, anamtazama kidogo. "Babu, nilimkumbuka sana mama," anasema. Babu Kola anaitikia, "Hata mimi," na tunaendelea. Baada ya kona ananiambia kwamba kumbe huzuni inasemeka, na ukishaisema miguu inakuwa myepesi.

Ana mpango. Wiki tano kutoka sasa shule zinafungwa, na binti na mjukuu wanakuja. Zamani yeye na mkewe walikuwa wakienda stendi kuwapokea kwa miguu. Ameipima njia kwa saa: hatua elfu tatu na mia sita kwenda tu. Kwenda na kurudi ni zaidi ya elfu saba, na kurudi atakuwa na begi la mtoto. Rekodi yake mpaka sasa ni elfu nne na kitu.

"Sitaki wanikute nimesimama hapa," anasema. "Safari hii wanikute mimi nawasubiri."

Tunarudi kibandani. Anakaa kwenye kigoda, anavua viatu, anapiga simu. Anayepokea ni mjukuu. Babu Kola anaiinua saa kwenye mwanga na kusoma polepole asikosee: "Elfu nne, mia tano na tisa."

Mjukuu anaanza uchunguzi.

"Za miguu, babu, au za pasi?"

"Za miguu, mjukuu wangu," anasema Babu Kola, na anafuta macho kwa mkono wenye saa. "Zote za miguu."