Kijana Aliyetuahidi Riba Nafuu

Shule ya jumuiya yetu iko Rexdale, huku ughaibuni, katika jengo lililokuwa ghala kabla hatujalinunua. Nimefundisha Kurani pale tangu mume wangu alipokuwa hai, na nikilisema vibaya paa lake nalisema kwa mapenzi. Theluji ikianza kuyeyuka, linavuja. Uwanja wa michezo ni maegesho ya magari yenye goli la mpira wa kikapu upande mmoja, na majira ya baridi hata hapo hapachezeki. Wavulana walipata nafasi kwenye ukumbi wa kukodi. Wasichana walitaka kucheza bila kutazamwa na wanaume, na hawakupata pa kwenda.

Mjukuu wangu ni mmoja wao. Siku moja nilikuwa namsuka nywele akaniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini hajibu kwacho, kwamba shule isipojenga ukumbi yeye na wenzake watahamia shule ya serikali. Sikumgombeza. Nilijua akiondoka yeye, wengine watamfuata, na darasa langu la wasichana wakubwa litakwisha.

"Subiri kidogo, mama," nilimwambia. "Mungu hachelewi."

Akaguna. Watoto wa huku wakiguna, ndiyo wamekujibu.

Alhamdulillahi, kamati ilileta mpango: paa jipya, madarasa yakarabatiwe, na nyuma ya jengo tujenge ukumbi wa michezo ambao wasichana watakuwa na siku zao. Fedha ingepatikana kwa hati fungani. Wanajumuiya wangenunua hati, shule ingejenga, na kila mwaka wenye hati wangepata kitu mpaka shule irudishe fedha yao. Tukaitwa Jumapili baada ya sala ya adhuhuri, katika chumba cha sala cha shule, wanaume upande mmoja wa pazia, wanawake upande wa pili, msemaji mbele akionekana na wote.

Aliyetueleza alikuwa mhasibu kijana kutoka Markham, mji wa jirani. Amezaliwa hukuhuku, mama yake ni wa Tanga. Alizungumza Kiingereza kizuri, kisha kwa heshima ya sisi wazee akamalizia kwa Kiswahili alichokiandaa mwenyewe.

"Wazee wangu, atakayenunua hati hizi atapata kila mwaka riba nafuu."

Benki za Dar es Salaam zinaandika maneno hayohayo ukutani na hakuna anayeshtuka. Lakini sisi tulikuwa tumekaa juu ya zulia tulilotoka kusujudia, na Kurani imeiharamisha riba kwa maneno mazito. Kikao kikalipuka.

"Nafuu?" alisema jirani yangu, mama wa Kizanzibari asiyeacha neno lipite. "Hata nguruwe ana bei nafuu."

"Muache, bibi wee, mtoto wa watu anatokwa na jasho," akamwambia mwanamke mwingine.

Upande wa wanaume mzee mmoja akauliza, "Bwana, umetuita hapa tule dhambi?"

"Na sambusa," akajibiwa.

Mtu akaomba salawati, kama tufanyavyo kikao kikichemka. Tukamsalia Mtume na aali zake, sauti zikashuka. Mwenyekiti, naona kwa kutaka yaishe, akasema wanaoupinga mpango wanyooshe mikono. Mikono ikaanza kupanda. Wasichana walikuwa wamesimama karibu na mlango. Katika maneno yote ya siku ile, nadhani neno riba walilielewa vizuri kuliko mengine, maana mimi ndiye niliyewafundisha. Mjukuu wangu alikuwa akinitazama.

Nikaomba kipaza sauti.

"Mwenyekiti, nimuulize kijana kwanza. Mwanangu, hicho ulichokiita riba kinatoka wapi?"

"Kwenye kodi, bibi. Ukumbi utakodishwa jioni na wikendi. Wenye hati watagawana hiyo kodi."

"Kwa hiyo wana sehemu yao katika ukumbi?"

"Ndiyo, mpaka shule itakapozinunua sehemu zao."

"Sasa mbona hukusema kodi?"

"Kamusi iliniambia riba."

Watu wakacheka, na yeye akacheka, akajifuta uso. Kodi ya mali yako ni halali, hilo kila mtu pale alilijua. Mikono ikashuka. Ningeweza kukaa chini hapo, na mpango ungepita.

"Na mwaka ambao hakuna aliyekodi?" nikauliza.

Akapekua karatasi zake. "Hapo shule italipa kiwango kilekile, kutoka kwenye ada za wanafunzi."

"Basi hapo kamusi ilisema kweli," nikamwambia. "Kulipwa hata pasipo kodi ndiyo riba yenyewe; hicho kipengele kiondolewe. Kodi ikipatikana tugawane, isipopatikana tusidai. Kisha sheikh asome mpango wote kabla hatujapiga kura."

Mhazini, mtu mwema mwenye wasiwasi mwingi, akasimama. "Bibi, nani atanunua karatasi isiyomhakikishia kitu? Mradi utakufa."

"Mimi nitanunua."

"Na mimi," alisema jirani yangu. "Lakini nikila hasara, bibi huyu atanilisha Ramadhani nzima."

Kura ikaahirishwa. Kwenye gari mjukuu wangu alikwenda kukaa kiti cha nyuma, akageukia dirishani. Kwake yeye, ukumbi ulikuwa mkononi na bibi yake ameurudisha. Sikujitetea. Kitu kikiwa halali, uvumilivu hauumi sana, na nilikuwa na yakini kwamba watu wetu wangenunua.

Sheikh aliusoma mpango, kipengele kikaondolewa, na kikao cha pili kikaupitisha. Hati zilinunuliwa polepole, lakini zilinunuliwa. Wakati wa kuamua kuhama ulipofika, nyuma ya jengo palikuwa na shimo tu na udongo ulioganda. Baba wa mjukuu wangu alimwambia achague mwenyewe. Alikwenda kusimama ukingoni mwa lile shimo na wenzake wawili, wakapima kwa macho goli litakaa wapi, wakabishana. Aliporudi alinijia jikoni.

"Nitasubiri, bibi," alisema, kwa Kiswahili. Halafu kwa Kiingereza akaongeza kwamba goli lazima liwe upande wa mashariki, na mimi niwaambie kamati, kwa kuwa mimi wananisikiliza.