Machozi ya Dawa

Mimi si mtu wa kulia. Mume wangu nilimzika macho makavu. Kwa hiyo watu waliponiona natiririka machozi kutwa nzima, walishtuka kuliko waliposikia nina saratani ya titi.

Ni zile dripu za saratani nilizotundikiwa hospitali ya Mwanza. Baada ya dripu ya tatu kope zilinyonyoka zote, macho yakawasha kama yana mchanga, na machozi hayakatiki. Nilimwambia daktari palepale. Sifichi ugonjwa mimi. Akasema ni dawa inafanya hivyo, akanipa matone, na kwamba nikianza kuona ukungu nirudi upesi.

Siku moja nilikuwa uani nachagua maharage ya mbegu. Hiyo ni kazi yangu tangu mama mkwe alipofariki. Anayechagua mbegu ndiye mwenye nyumba. Mkamwana wangu akaona machozi yanadondokea ungo, akadhani nawaaga. Hakuniuliza. Akakimbia kuwaita akina mama wa jumuiya, wakaja wanne na rozari, na unga kichwani kama wanakwenda msibani.

"Shikamoo, mama. Pole. Usilie, Mungu yupo."

"Marahaba. Nani analia?"

"Si hayo machozi?"

"Haya ni ya dawa. Ya kwangu bado ninayo."

Mmoja akacheka, akajifunika mdomo. Mwingine akatoa majani ya kunikamulia jichoni. Nikamwambia, "Anza na la kwako." Akayarudisha kwenye kanga.

Mwenyekiti wao akasema, "Basi, mama, msimu huu mwachie mkamwana achague. Wewe huoni vizuri."

Hapo nilikasirika. Nikamsukumia mkamwana nusu ya maharage. "Kaa. Chagua." Mimi nikafumba macho yangu, nikachagua kwa kidole gumba: mbegu iliyobunguliwa ina tundu, iliyosinyaa ina mkunjo, changa ni nyepesi.

Wakakagua. Kwake walitoa mbovu saba, na macho yake mazima. Kwangu moja.

"Na hiyo moja, mama?" mkamwana akauliza, amenuna.

"Itie kwenye sufuria."

Wakacheka wote, hata yeye. Kisha akasogeza kigoda karibu. "Nioneshe hilo tundu unalishikaje." Nikamwambia afumbe macho kwanza.

Habari ya kuniachisha haikusemwa tena. Mbegu ya msimu huu nimechagua mimi, na mkamwana ndiye aliyenibebea mpaka shambani.