Tarehe Yangu Kwenye Orodha

Nikiwa Guangzhou mwezi uliopita, nilimsindikiza Mtanzania mwenzetu kwenye ofisi ya kazi. Alikuwa karani wa kampuni ya mizigo, akafukuzwa kwa utoro na kuchelewa, na sasa anaomba fao la kukosa ajira.

Dada wa dirishani akaanza kusoma siku alizochelewa, akigonga kila tarehe kwa kalamu. Mwenzangu alinitafsiria kwa kunong'ona.

"Hiyo nilikwenda uwanjani Baiyun kumpokea mteja wetu wa Zanzibar. Hiyo, mama wa Moshi. Ningewaacha uwanja wa ndege, kaka?"

Kalamu ikagonga tarehe ya nne. Siku ile alinipokea mimi, mteja wao mwingine.

"Anasema aliyefukuzwa kwa kosa lake hapati kitu. Labda mteja mmoja athibitishe kwamba nilikuwa kazini. Aje na pasipoti."

Pasipoti ilikuwa mfukoni mwangu, na viza iliyomo ilikuwa imekwisha siku tatu kabla ya hapo. Mwenzangu alilijua hilo. Nikaibana kwa kiganja kama kitu kinachoweza kupiga kelele.

Dada akauliza: yupo mteja kama huyo? Mwenzangu hakunigeukia.

"Meiyou," alimjibu. Hakuna.

Ukarimu wetu tunausifu sana, nami nimeusifu humu humu kwenye safu hii. Nilipotua Dar es Salaam, ujumbe wa kwanza kwenye simu ulitoka kwake: "Umefika salama, kaka? Umepata mtu wa kukupokea?"