Mistari Mia Tatu ya Kufuli

Mpwa wangu tunamwita Kufuli. Kazi yake ni kufunga mafaili ili mwizi akiiba kompyuta aambulie takataka tupu. Anaifanyia ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo unaoendesha mashine, mahali ambapo hata mimi, niliyeishia darasa la saba kwa akili nyingi, sijafika.

"Miezi hii mitatu umeandika mistari mingapi?" nikamuuliza, nimeegemea mlango wa chumba chake.

"Nimefuta mia tatu, mjomba."

"Mungu wangu! Na hawajakufukuza?"

Akacheka hadi chai ikammwagikia. Akanieleza: kila aina ya diski ilikuwa na maelekezo yake ya kufunga mafaili, kazi ileile imerudiwa huku na kule, yeye kaikusanya mahali pamoja. Ila msimamizi, mama mmoja mkali wa mbali, kamwandikia: nionyeshe diski ya zamani inafunguka, la sivyo sipokei.

Basi miezi mitatu ya mtoto wa watu ikawa inaning'inia hapo.

Na nani katika ukoo huu ana kompyuta kuukuu? Ni mimi, mwenye ile mliyonicheka miaka kumi mkitaka niitupe. Nikaileta kwapani, imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Humu mna picha za mama yako, zimefungwa tangu zamani," nikamwambia. Mama yake ni dada yangu. Tulimzika wakati Kufuli akiwa bado shuleni.

"Nanakili diski kwanza, mjomba. Sina wazimu."

Akanakili, akaweka kazi yake mpya, akaniambia nibonyeze mimi. Nikabonyeza. Majina ya picha yakatoka kama kuku kakanyaga wino. Kufuli akairudia mistari aliyoifuta, mmoja mmoja, hadi akakuta mmoja aliodhani ni makombo: ndio uliotambua majina yaliyofungwa kwa mtindo wa zamani. Akaurudisha.

"Bonyeza tena."

Dada yangu huyo, gauni la njano, kanikunjia uso kwa kumpiga picha anakula. Tukamtazama. Mimi, kusema kweli, macho yaliniwasha.

Msimamizi akaipokea Jumatatu. Wana desturi wale: chini ya kila badiliko huandikwa jina la aliyelijaribu. Kufuli kaandika langu, majina yote matatu. Kinyozi wangu amechoka kusikia.

"Nilifuta mia tatu," Kufuli hujisifu mezani.

"Mia mbili tisini na tisa," namsahihisha. "Mmoja niliuokoa mimi."